Kisu nimekivuka, mionzi ndiyo inaninyima usingizi. Waliopita njia hii naomba mnieleze

#1 Bibi Chikongola, 2 Juni

Habari za usiku wanajukwaa, poleni na majukumu.

Nipo Mtwara mjini, miaka 46, mama wa watoto wanne na bibi wa mjukuu mmoja wa miaka miwili ambaye hapa ninapoandika amelala ubavuni kwangu.

Novemba mwaka jana niliondolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapa. Majibu yalisema tezi 11 zilipimwa, 3 zikakutwa na saratani. Nikaingia kwenye dripu za kemo. Nywele zilikwenda, kucha zikawa nyeusi, alhamdulillah nikamaliza mwezi wa nne. Nilidhani nimefika. Daktari akaniandikia rufaa ya kwenda Ocean Road, Dar, kwa mionzi mara 15. Yeye alikuwa na foleni ndefu nje, mimi nilikuwa na mdomo mzito, nikapokea karatasi nikatoka. Karatasi hiyo ina wiki tano sasa. Ipo chini ya godoro.

Niseme ukweli, kisu sikukiogopa hivi. Kisu nilijua kitaingia, kitatoka, nitashonwa. Lakini hii wenyewe huku tunaiita "kuchomwa mionzi", na hilo neno kuchomwa ndilo limenikaa kichwani. Nachomwa na nini? Kwa muda gani? Nitasikia? Kuna mama mmoja mtaani kwetu alikwenda kuchomwa miaka ya nyuma. Alirudi anaharisha kutwa, haja ndogo inamuunguza mpaka analia, mwili ukaisha. Kila nikifumba macho namwona yeye kwenye mkeka wake barazani.

Halafu yapo mengine. Titi lilikuwa la kushoto, na moyo upo kushoto, si watauchoma na moyo? Mjukuu wangu hulala na mimi tangu aache kunyonya, nikirudi nina mionzi mwilini si nitamdhuru? Mkono wa kushoto mpaka leo hauinuki kupita bega. Na huu ndio msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, shamba liko Nanyamba na mimi ndiye huwa nasimamia. Dar nitafikia kwa wifi yangu Mbagala, wiki tatu nzima, nimlemee mtu mwenye nyumba ya vyumba viwili.

Mume wangu hasemi nisiende. Anasema "utakavyoona wewe mama watoto". Hilo ndilo linaniumiza zaidi, maana mimi sioni.

Naomba waliopitia, si waliosikia. Nimeshasikia vya kutosha.

#2 Mpwani wa Mikindani, 2 Juni

Pole sana mama. Sina uzoefu wa jambo hili, nimekaa hapa nisome. Ila karatasi itoe chini ya godoro usiku huuhuu, iweke mezani uione.

#3 Mama Mingoyo, 3 Juni

Mdogo wangu, mimi ni wa Lindi, nina miaka 53. Titi langu ni la kulia, niliondolewa mwaka 2019, mionzi nikapigwa mwaka uliofuata mara 25. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu mimi hakuna aliyeniandikia.

Siku ya kwanza hupigwi chochote. Unalazwa kwenye mashine ya picha, mikono juu ya kichwa, wanakupima kwa mistari ya mwanga, wanakuchora alama za wino kifuani. Mimi niliona aibu kuliko maumivu, kifua wazi mbele ya vijana wa umri wa mwanangu. Lakini wale vijana wameshaona wengi, hawakukodolei macho. Wanazungumza na mistari yao. Zile alama usizisugue, maana ndizo zinazowaonyesha mahali palepale kila siku.

Siku ya kupigwa sasa. Unalala, wao wanatoka, mlango mzito unafungwa, mashine inalia kama friji kuukuu, inakuzunguka. Nilikaza meno nikisubiri moto. Moto haukuja. Nikasubiri. Mlango ukafunguka, dada akaniambia "mama, tayari, shuka taratibu". Nilimuuliza kama amesahau kuwasha. Dakika chache tu, na sehemu kubwa ilikuwa ni kunilaza vizuri. Hilo neno "kuchomwa" lilinitesa miezi miwili bure.

Sasa nisikudanganye kwamba hakuna kitu. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa mzima kabisa, mpaka nikaanza kuwashauri wengine. Wiki ya tatu ngozi ikabadilika. Vitabu vinasema inakuwa nyekundu, lakini sisi weusi haiwi nyekundu, inakuwa nyeusi tii, kama imepakwa masizi, kavu na inawasha. Kwapani na chini ya kovu ikachubuka, ikatoa majimaji. Na jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha: iliharibika zaidi wiki ya kwanza na ya pili BAADA ya kumaliza. Nilikuwa nimesharudi Lindi, nikadhani nimeoza. Nilipiga simu kliniki, nikaambiwa ndivyo inavyokwenda, nikaelekezwa namna ya kusafisha na kufunika. Wiki kama tatu baadaye ngozi mpya ilikuwa imefunga.

Nilichofanya ni hiki. Dodoki nililitundika, nikawa naoga maji ya uvuguvugu kwa kiganja na sabuni isiyo na harufu, najikausha kwa kugusisha taulo tu. Sidiria niliweka kabatini, nikavaa kanga zangu kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa. Liwa sikupaka, marashi sikupaka, shabu ya kwapa nikaacha. Bibi yangu alileta mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Nilimshukuru, nikayapeleka kwanza kuuliza. Wakaniambia nisipake chochote kabla ya kuingia chumbani, na wakanionyesha krimu ya kutumia jioni. Na kama unavaa mtandio unaobana shingoni, tafuta wa pamba mlaini, kwa sababu wakikupiga na juu ya mfupa wa shingo, pale ndipo mtandio unaposugua.

Uchovu upo. Si wa kulima. Ni wa kukaa kitini ukaangalia kikombe cha chai mpaka kipoe. Ulinijia mwishoni ukakaa kama miezi miwili. Nywele za kichwani hazikutoka, sikutapika hata mara moja, na chakula nilikula. Usilinganishe na kemo.

#4 Mzee wa Mahuta, 3 Juni

Binti yangu, nakuonea huruma. Umeshakatwa, umeshatiwa dawa kali, mwili umechoka. Huku kwetu yupo mtu wa mizizi, shemeji yangu alikunywa miezi mitatu uvimbe ukanywea. Kwa nini uende kuunguzwa wakati uvimbe wenyewe umeshatolewa? Pumzika kwanza.

#5 Mama Mingoyo, 3 Juni

Mzee shikamoo. Najua unasema kwa huruma. Dada yangu wa tumbo moja alichagua kupumzika na mizizi. Nilimzika Desemba 2021. Sitaongeza neno.

#6 Wa Chumba cha Mionzi, 4 Juni

Nimesoma uzi wote. Nafanya kazi idara ya mionzi, hospitali sitaitaja. Mimi si daktari wako mama, faili lako silijui, kwa hiyo haya yachukue uyapeleke kwake akuthibitishie.

Naanza na mama wa mtaani kwenu, maana naona yeye ndiye anayekuzuia. Kuharisha na mkojo kuunguza ni dalili za mtu aliyepigwa mionzi ya nyonga. Nadhani kabisa alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, na ndiyo maana hadithi nyingi za mionzi mitaani ni za kwao. Mionzi huathiri pale inapopita. Kwake ilipita kwenye utumbo na kibofu. Kwako itapita kwenye ukuta wa kifua, kwapa na pengine juu ya mfupa wa shingo. Utumbo wako haumo kwenye njia hiyo. Kila ukisikia hadithi ya mionzi, kabla hujaogopa uliza kwanza: alitibiwa sehemu gani?

Mjukuu. Mionzi hii inatoka kwenye mashine iliyo nje yako. Mashine ikifunga, imekwisha, kama taa: ukiizima ukuta haubaki unawaka. Mbebe, lala naye, mlishe. Ninachokuomba tu ni asikupigepige kifuani ngozi ikishachubuka. (Ipo tiba nyingine ya dawa yenye mionzi ya kumeza, kwa mfano ya tezi ya shingo, huko ndiko watu huambiwa wakae mbali na watoto. Watu wanachanganya.)

Moyo. Swali lako ni zuri na usione haya kuliuliza. Ile picha ya siku ya kwanza kazi yake kubwa ndiyo hiyo: moyo na mapafu vinachorwa, mionzi inapangwa ipite kwa mshazari ikwepe. Baadhi ya vituo humfundisha mgonjwa wa titi la kushoto kuvuta pumzi nyingi na kuizuia kwa sekunde kadhaa, kifua kijae hewa moyo usogee mbali na ukuta. Waulize kama wanafanya. Sisemi hatari ni sifuri. Kiasi kidogo kinaweza kuufikia moyo, na madhara yake, kwa wachache wanaoyapata, hujitokeza miaka mingi baadaye. Kwa hiyo presha na sukari vipimwe na vidhibitiwe, hilo liko mikononi mwako. Pafu nalo: ukipata kikohozi kikavu, homa au pumzi kukata katika miezi sita ya baada ya tiba, usinunue dawa ya kikohozi dukani, rudi hospitali useme ulipigwa mionzi ya kifua.

Bila shaka utakutana na mtu aliyepigwa mara 25 kama Mama Mingoyo, uanze kujiuliza kama umepunjwa. Hujapunjwa. Uingereza walilinganisha njia hizi mbili kwa maelfu ya wanawake, na matokeo ya miaka 10 yalichapishwa mwaka 2013. Waliopigwa mara 15 saratani haikuwarudia zaidi ya wenzao wa mara 25, na madhara ya kudumu kwenye ngozi na nyama ya kifua yalikuwa machache. Dozi ya siku ni kubwa kidogo, ya jumla ni ndogo.

Na Mzee wa Mahuta ameuliza swali la haki: kwa nini upigwe wakati uvimbe umetolewa? Kwa sababu ya zile tezi 3. Zinaonyesha chembe zilishaanza safari, na kisu hakioni chembe moja moja. Mwaka 2014 ulichapishwa uchambuzi wa majaribio 22 yenye wanawake 8,135. Waliokuwa na tezi 1 hadi 3 kama wewe, waliopigwa mionzi baada ya kuondolewa titi, vifo vya saratani hiyo vilipungua kwa takriban moja ya tano kulinganisha na wenzao wasiopigwa. Karatasi iliyo chini ya godoro lako ndiyo hiyo.

#7 Mwali wa Kitangari, 4 Juni

Nashukuru maelezo ya mtaalamu, lakini jamani tuwe wakweli na upande wa pili. Mimi mkono wangu umevimba. Niliondolewa tezi za kwapa, nikapigwa mionzi ya kwapa, na mwaka mmoja na nusu baadaye pete ikaanza kubana. Sasa mkono wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto, mikono ya magauni yote nimefumua. Sikuambiwa kabla kama linaweza kutokea. Nilipopelekwa kwa mazoezi, nilikuwa nimeshachelewa.

Hasira yangu haiko kwa mionzi. Nikirudishwa nyuma nitaipiga tena, ninaishi mwaka wa sita sasa. Hasira yangu ni kutoambiwa. Kama ningejua ningeacha kubangua korosho.

Bibi Chikongola wewe ni wa korosho, utanielewa. Mwaka ule msimu ulikuwa mzuri, nikakaa na wenzangu tunachoma na kubangua uani. Yale mafuta ya ganda si mnayajua, yakikugusa yanababua. Yalinigusa kiganjani, sehemu ndogo kama punje ya mchele, ya mkono uleule. Siku ya tatu mkono mzima ulikuwa moto, mwekundu mpaka kiwiko, homa inanitetemesha. Nililazwa siku nne kwa dawa za mshipani. Tangu hapo uvimbe haujarudi ulipokuwa.

Kwa hiyo mdogo wangu: mkono huo uvalishe glavu ukishika jembe, kisu, maganda. Kidonda kidogo kisafishe saa ileile. Ukiona joto na wekundu vinapanda, usisubiri asubuhi. Na pima mkono kwa utepe wa fundi cherehani kabla hujaanza mionzi, mahali pawili, juu na chini ya kiwiko, uandike namba. Mimi sina namba ya mwanzo, najua tu kwamba ulikuwa mwembamba.

#8 Bibi Chikongola, 4 Juni

Nimelia kusoma, si kwa huzuni. Mama wa mtaani nimekwenda kumsalimia leo baada ya laasiri. Nikamuuliza kwa adabu alitibiwa nini. Akanishika mkono akasema "kizazi mwanangu". Miaka yote hiyo nimemwogopa bila kumuuliza.

Mzee wa Mahuta, shikamoo baba. Nimekusikia na nakushukuru kunihurumia. Naomba uniombee dua tu.

Utepe nimeazima kwa fundi. Juu ya kiwiko 31, chini 25. Nimeandika nyuma ya karatasi ya rufaa.

#9 Baba Wawili Masasi, 5 Juni

Naomba niseme kwa niaba ya wanaume. Mke wangu alipigwa mionzi mwaka juzi. Na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo, "utakavyoona wewe". Nilidhani nampa heshima ya kuamua. Kumbe alikuwa anasikia kwamba niko mbali. Kweli yenyewe niliogopa, nikisema nenda akadhurika, iwe mimi ndiye niliyempeleka.

Mama, mwonyeshe mzee huu uzi. Mwambie asikae na wewe kwenye maamuzi tu, aje na kliniki. Mimi nilikuwa naandika majibu ya daktari kwenye daftari la watoto, kwa sababu mgonjwa akiwa mbele ya daktari anasikia nusu. Usiku saa nane akiamka na wasiwasi tulikuwa tunafungua daftari tunasoma. Maswali mengine tulikuta tumeshajibiwa, yasiyojibiwa tunayaandika, tunarudi kulala. Hakupona hofu, lakini alilala.

#10 Bibi Chikongola, 11 Juni, MREJESHO

Nimekwenda kliniki Jumatatu, mzee akiwa pembeni na daftari. Alikuwa ameusoma uzi, hakusema kitu, aliuliza tu kliniki inafunguliwa saa ngapi.

Safari hii nilimwambia daktari, "naomba dakika zako kumi, nimeandika." Alivuta kiti. Kuhusu moyo alinieleza kama mlivyonieleza. Kuhusu presha, imekutwa juu kidogo, nimeanzishiwa dawa. Kuhusu salfa alikataa katakata: ngozi itakuwa dhaifu, kifua kitakuwa kimechokozwa, unga ule sitakiwi kuuvuta wala kunigusa. Mwanangu wa pili ndiye atakayesimamia shamba mwaka huu.

Jambo ambalo sikutarajia ni mkono. Kumbe usipoinuka hadi kichwani siwezi kulazwa kwenye mashine, kwapa halifunguki. Amenipeleka kwa mtu wa mazoezi. Nasimama na ukuta, natambaza vidole juu kama mjusi, mara kumi, mara tatu kwa siku, na mkaa nimechora alama pale ninapofika. Siku ya kwanza alama ilikuwa usawa wa kidevu. Leo iko juu ya paji la uso. Mjukuu naye anatambaza vidole vyake huku chini, ukuta wote umechafuka.

Tarehe 21 napanda basi.

#11 Mama Mingoyo, 11 Juni

Basi la alfajiri, kaa upande ambao jua halikupigi. Mto mdogo weka kati ya kwapa na mkanda wa begi. Wifi yako usimlemee kimoyomoyo, mwambie wazi siku utakayokuwa huwezi kupika.

#12 Bibi Chikongola, 5 Julai, MREJESHO

Nimefikisha mara 9 jana, leo Jumamosi mashine zinapumzika na mimi napumzika.

Safari ilikuwa ndefu, zaidi ya kilomita 550, tulipovuka Daraja la Mkapa pale Rufiji nilisinzia mpaka Mbagala. Kila siku natoka kwa wifi mapema na daladala, natembea kidogo mpaka hospitali. Sijawahi kujua kwamba Ocean Road inatazama bahari hivi. Jengo la zamani la Wajerumani, miembe na upepo. Mimi mtoto wa pwani, nilipokaa pale kwenye benchi nikasikia harufu ya mwani, moyo ulitulia kabla hata sijaitwa.

Mama Mingoyo, ni kama ulivyosema. Hakuna moto. Siku ya kwanza nilihesabu kwa sauti ndogo, nikafika mia na kitu, ikawa imekwisha. Nilifundishwa kuzuia pumzi, tulifanya mazoezi kabla. Mara mbili nilikohoa katikati, wakasimamisha wenyewe, wakaniambia kwenye kipaza sauti "usijali mama, tunaanza tena ukiwa tayari". Nilikuwa nadhani nikikosea pumzi moyo ndio umeungua. Kumbe wananiona kwenye skrini muda wote.

Ngozi imeanza kuwa nyeusi, kwapa linawasha. Koo linakwaruza nikimeza ugali, kwa sababu wanapiga na juu ya mfupa wa shingo. Nakula uji, viazi vya kuchemsha, mchuzi wa nazi. Uchovu bado mdogo.

Ila kuna kitu nataka kukisema hapa ambacho hakimo kwenye madhara yanayoandikwa. Kwenye benchi tunakaa wanawake watano, sita, walewale kila siku. Yupo wa Songea, wa Tunduru, wa Ifakara. Yule wa Tunduru alimaliza Alhamisi. Ijumaa nafasi yake ilikuwa wazi, nikajikuta nalia kwa mtu ambaye jina lake la pili silijui. Nikamweleza muuguzi. Akaniambia wengi hulia hivyo, na wengi huogopa zaidi wanapokaribia kumaliza kuliko walipoanza, kwa sababu kila siku ya mionzi ni siku ya kufanya kitu, na baada ya hapo ni kusubiri tu. Nimeliandika kwenye daftari.

#13 Wa Chumba cha Mionzi, 5 Julai

Muuguzi huyo amekwambia ukweli. Kuhusu koo, waambie Jumatatu, ipo dawa ya kusukutua. Na usiruke siku bila sababu ya maana. Siku zikikatika katikati tiba inapungua nguvu.

#14 Bibi Chikongola, 2 Agosti, MREJESHO

Nilimaliza tarehe 14 Julai. Nipo nyumbani.

Wiki ya pili baada ya kumaliza kwapa lilifunguka, kama alivyosema Mama Mingoyo. Usiku ule niliamka saa tisa na hofu yote ya mwezi wa tano ilikuwa imerudi, nikajiona mimi ndiye yule mama kwenye mkeka. Mzee aliwasha taa, akafungua daftari ukurasa ambao tulinakili maneno ya humu: "iliharibika zaidi wiki ya kwanza na ya pili baada ya kumaliza." Akasoma tarehe. Tukahesabu siku. Ilikuwa siku ya tisa. Asubuhi nilikwenda hospitali hapahapa Mtwara, nikasafishwa, nikapewa vitambaa visivyonata, nikaambiwa nirudi nikiona usaha, harufu au homa. Leo pamekauka, ngozi changa imeanza kuonekana, rangi ya maji ya kunde.

Mkono: juu 31, chini 25. Sawa na mwanzo. Nitapima kila mwezi.

Uchovu ndio umekuja sasa. Jana nilikaa barazani kutoka adhuhuri mpaka laasiri, majirani wakipita wakasema nimekuwa mvivu. Mama wa mtaani akaja na mkeka wake akakaa na mimi. Hatukuzungumza sana. Alinimenyea ming'oko.

#15 Mwali wa Kitangari, 3 Agosti

31 na 25. Nimefurahi kama namba ni zangu.

#16 Mgeni wa Liwale, 19 Oktoba

Samahanini kufufua uzi wa zamani. Mama yangu ameandikiwa mionzi baada ya kuondolewa titi na anakataa. Kuna mzee hapa alipigwa mionzi akakauka mate, meno yakang'oka, sauti ikapotea, chakula hakipiti. Mama anasema bora afe anakula. Sijui nimjibu nini, na mimi mwenyewe naogopa.

#17 Bibi Chikongola, 19 Oktoba

Mwanangu, karibu. Hujafufua, uzi upo hai, na mimi nipo.

Huyo mzee alitibiwa sehemu gani? Nenda kamsalimie kesho, mchukue na mama kama anaweza kutembea, mumuulize kwa adabu. Akisema koo au mdomo, mama asikie kwa masikio yake. Kisha urudi hapa uandike titi ni la upande gani, tezi ngapi, na mkono wake unainuka mpaka wapi. Nitakuwa macho mpaka saa tano, mjukuu hajalala.